Waliotelekezwa Jadotville

Jioni moja ya muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wangu wa mwaka wa pili filamu iitwayo The Siege of Jadotville. Nilikusudia iwe pumziko tu baada ya wiki tatu za kusoma maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kazi ambayo, nakiri, haijawahi kumfurahisha mwanafunzi yeyote. Projekta ilikuwa hafifu, dirisha la mashariki halina pazia tangu mwaka juzi, na sauti ilitoka katika spika moja ya kuazima. Hata hivyo ukumbi ulijaa. Vijana hupenda filamu za vita, na hasa zile za askari wachache waliozingirwa katikati ya adui, ambao risasi zao zinahesabika na msaada wao hauonekani njiani.

Filamu ilipokwisha, maswali ya mwanzo yalikuwa yale niliyoyatarajia. Je, ni kweli hakufa hata mmoja? Je, kamanda yule alipewa nishani? Kwa nini Umoja wa Mataifa uliwaacha? Kisha binti mmoja aliyeketi karibu na mlango akauliza: "Mwalimu, wale wanaokimbilia mahandaki na kuanguka, wao ni akina nani?" Baadhi ya wenzake walicheka. Nikaanza kumjibu kwamba ni askari wa Katanga, nikabaini katikati ya sentensi kuwa nimemtajia jina la jimbo tu. Nikamwambia nitamjibu kikao kijacho. Makala haya ni sehemu ya jibu hilo, ambalo limekuwa refu kuliko nilivyodhani.

Kwanza kisa chenyewe, kwa ajili ya msomaji ambaye hajaiona filamu. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Katanga ndiyo iliyokuwa na shaba, kobalti na urani. Migodi ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na fedha zilizotoka humo ndizo zilizoendesha serikali ya Tshombe. Ubelgiji ilimpa maofisa wa kijeshi. Mamluki wakaja kutoka Ufaransa, Rhodesia, Afrika Kusini na kwingineko. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyechaguliwa na watu wake, alipelekwa Katanga akiwa mfungwa, akauawa usiku uleule karibu na Elisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi. Mwezi uliofuata Baraza la Usalama likayaruhusu majeshi ya Umoja wa Mataifa kutumia nguvu, kama njia ya mwisho, ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Miongoni mwa majeshi hayo lilikuwamo la Ayalandi, nchi ndogo iliyokuwa imejiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 1955 tu, na ambayo jeshi lake halikuwa limepigana tangu vita vyao vya ndani vya 1922 na 1923. Mwanzoni mwa Septemba 1961, Kombania A ya Batalioni ya 35, askari wapatao 155 wakiongozwa na Pat Quinlan, ilipelekwa Jadotville, mji wa migodi ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka Elisabethville. Leo mji huo ni Likasi. Kazi yao ilikuwa kuwalinda walowezi wa Kibelgiji.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, maana filamu inapita haraka mno mahali hapa. Walowezi wale hawakuhitaji ulinzi wa Umoja wa Mataifa na hawakuutaka. Hofu juu ya usalama wao ilitoka Brussels. Askari wa Ayalandi walifika wakaukuta mji umewanunia. Watu waliotumwa kuwalinda walikuwa upande wa Tshombe, na baadhi yao wakachukua bunduki dhidi yao. Katika siku zizo hizo, huko Elisabethville, Wabaluba kwa makumi elfu waliokuwa wakiwindwa na vyombo vya dola vya Katanga walikuwa wakikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, wakilala chini ya vibanda vya makuti, matawi na mabati. Kwa hiyo palikuwapo raia waliohitaji sana kulindwa, na waliokuja wenyewe kwa miguu kuomba ulinzi. Kombania nzima ikapelekwa kwa wale wasioomba. Kabla ya risasi ya kwanza kulia, askari wa Quinlan walikuwa tayari wamekwama, na aliyewakwamisha hakuwa adui.

Tarehe 13 Septemba Umoja wa Mataifa ulianzisha Elisabethville operesheni iliyopewa jina la Morthor, iliyokusudiwa kuukomesha utawala wa Tshombe na kuwaondoa maofisa wa kigeni. Asubuhi hiyohiyo, askari wengi wa Jadotville wakiwa kwenye misa ya uwanjani, wakashambuliwa. Bahati yao ilikuwa kwamba Quinlan alikuwa amewaamuru kuchimba mahandaki, na kwamba hakuiamini hali ya mji tangu siku ya kwanza. Silaha zao zilikuwa nyepesi. Wapinzani wao walikuwa askari wa Katanga na mamluki, wengi mara kadhaa kuliko wao, wenye mota na ndege moja ya kivita aina ya Fouga Magister iliyokuja kuwadondoshea mabomu kila ilipopenda, kwa sababu Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya kivita ya kuizuia. Misafara ya kuwaokoa ilitumwa mara mbili kutoka Elisabethville. Mara zote ilizuiwa kwenye daraja la mto Lufira ikarudi. Helikopta moja ilifanikiwa kutua ikiwa na maji. Maji hayo yalikuwa yametiwa katika madumu yaliyowahi kuwekwa petroli, na hayakunyweka.

Nimewahi kufundisha juma zima kuhusu udhaifu wa operesheni za kulinda amani, kwa majedwali na mishale ubaoni. Dumu lile la maji yanayonuka petroli lingetosha. Mtu fulani mahali fulani alipewa kazi ya kutafuta vyombo, akavipata, akatia sahihi.

Tarehe 17 Septemba, wakiwa hawana maji wala risasi za kuendelea, wakasalimu amri. Hakuna askari wa Ayalandi aliyekuwa ameuawa Jadotville. Waliojeruhiwa walikuwa wachache. Kwa upande wa pili makadirio yanayotajwa mara nyingi ni waliokufa wapatao 300. Waayalandi walishikiliwa mateka kwa takriban mwezi mmoja, kisha wakaachiliwa.

Nitasema wazi mtazamo wangu kuhusu filamu kama filamu. Iliongozwa na Richie Smyth, ikatoka mwaka 2016, na Jamie Dornan ndiye Quinlan. Ndani ya mahandaki ni nzuri: unasikia uzito wa muda, unaona jinsi hofu inavyobadilika kuwa kazi, jinsi vijana wasiowahi kulenga mtu wanavyojifunza kulenga. Ndani ya ofisi ni dhaifu. Conor Cruise O'Brien, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa Katanga, ambaye naye alikuwa Mwayalandi, amechorwa kama mtu wa majivuno tu, asiye na shaka wala usingizi uliokatika. O'Brien wa kweli alistahili lawama nyingi, lakini alikuwa mtu mgumu zaidi kueleweka kuliko huyo. Alijiuzulu kabla ya mwaka kwisha, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kizima kueleza upande wake. Naam, mwenye kalamu aliweza kujieleza. Quinlan hakuwa na kitabu. Alikuwa na ripoti iliyokwenda kwenye kabati.

Kwa maoni yangu, kiini cha kisa cha Jadotville kiko katika yale yaliyotokea baada ya askari wale kufika nyumbani, jambo ambalo filamu inalimaliza kwa dakika chache na maandishi machache mwishoni. Quinlan aliwapendekeza askari wake kadhaa wapewe nishani ya ushujaa. Wakubwa wake wakakataa. Pendekezo hilo lilizungumzwa tena miaka ya 1960 na kukataliwa tena. Jina la Jadotville likageuka kuwa tusi kambini. Wapo waliolificha hata kwa watoto wao kwamba walikuwako. Askari waliopigana siku tano bila kupoteza mwenzao hata mmoja waliishi kama watu waliofanya jambo la aibu, kwa sababu ya neno moja, kusalimu, ambalo majeshi hayalipendi.

Kwa nini kimya kile? Sidhani kilitokana na ukatili. Kilitokana na hesabu za kawaida za ofisini, ambazo watumishi wa umma miongoni mwa wasomaji wangu wanazijua vizuri. Kuwasifu askari wale kungelazimisha maswali. Nani aliwapeleka pale, kumlinda nani? Nani alianzisha operesheni mjini ilhali kombania moja iko peke yake zaidi ya kilomita 100 nyuma ya mstari wa adui? Kwa nini daraja la Lufira halikushikwa mapema? Maswali hayo yalielekea juu, kwa watu wenye vyeo na nchi zenye majina. Lawama ya kusalimu amri ilielekea chini, na ikaishia kwa vijana waliokuwa na umri wa miaka kumi na saba au kumi na minane. Basi ikaachwa iende huko.

Quinlan alifariki mwaka 1997. Bamba la kumbukumbu likawekwa katika kambi ya Athlone mwaka 2005. Mwaka 2016, mwaka uleule wa filamu, kombania ilipewa heshima rasmi ya pamoja, na mwaka uliofuata ikatolewa nishani maalumu. Nyingi kati ya nishani hizo zilipokelewa na wajane na watoto.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, saa chache tu baada ya Quinlan kusalimu amri, ndege iliyomchukua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, kwenda kukutana na Tshombe ili kusimamisha mapigano ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo. Kifo chake kilifunika kila kitu. Baadhi ya wanafunzi wangu walishangaa kusikia kwamba mtu aliyebeba swali la kifo hicho kwa miaka mingi katika zama zetu ni Mtanzania. Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu, aliongoza jopo la wataalamu mwaka 2015, kisha akapewa na Umoja wa Mataifa jukumu la kuendelea na uchunguzi. Ripoti zake zinasema kwamba inawezekana ndege ile ilishambuliwa au kutishiwa kutoka nje, na zinasema pia kwamba zipo nchi wanachama ambazo karibu kwa hakika zina taarifa katika kumbukumbu zao za siri na hazijazitoa. Zaidi ya nusu karne! Marubani waliokuwa angani usiku ule wamezeeka na kufa, na bado faili zinalindwa kana kwamba vita vinaanza kesho.

Natafakari mambo haya mawili kwa pamoja: faili la Quinlan kabatini na faili za Ndola kwenye maghala ya mataifa makubwa. Yanatofautiana kwa uzito, lakini yameshonwa kwa uzi mmoja. Kila mara aliye kimya ni yule aliyetuma.

Sasa nirudi kwa swali la yule binti.

Wale wanaoanguka mbele ya mahandaki walikuwa vijana wa Katanga walioandikishwa katika jeshi la Tshombe, wengi wao chini ya maofisa wa kigeni. Mji waliokuwa wakipigania ulikuwa na jina la Jean Jadot, mhandisi wa Kibelgiji, lakini lugha ya mitaa yake, ya makambi ya wafanyakazi na ya masoko ilikuwa Kiswahili. Neno hili huwashtua wanafunzi wangu. Wamezoea kufikiri kwamba Kiswahili ni cha pwani, ya Mombasa na Unguja, na kwamba huko bara ya mbali ni lugha ya wageni. Kiswahili cha Katanga kilikulia migodini, kikiwaunganisha watu walioletwa kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko kuchimba shaba. Umbali mfupi kutoka Jadotville upo mgodi wa Shinkolobwe, ambako ilitoka sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Waliochimba udongo ule waliitana kwa lugha ninayoiandika hapa. Ni jambo la kushangaza kidogo kukaa Dar es Salaam ukitazama filamu kuhusu mji wa Waswahili wa migodini na kukumbuka, inapokwisha, sauti za Kiingereza na Kifaransa peke yake.

Kuna ushahidi wa upande ule, kwa Kiswahili, na si mgumu kupatikana kama tunavyodhani. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji wa Elisabethville kama walivyoikumbuka maboi, yaani watumishi wa nyumba za Wazungu. Ni maandishi mafupi, yenye tahajia yake, yasiyoomba ruhusa kwa mwanahistoria yeyote. Miaka michache baadaye, Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi yake katika picha takriban mia moja, na akaisimulia kwa Kiswahili kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian, picha baada ya picha. Kujitenga kwa Katanga kumo. Kifo cha Lumumba kimo, na nyuma ya maiti umesimama mlima wenye misalaba mitatu. Tshibumba alikuwa kijana wa miaka kumi na minne wakati wa mapigano ya 1961. Mtengeneza filamu anayetaka kujua vita vile vilionekanaje kutoka barazani kwa watu angeweza kuanza na picha zake. Zipo Amsterdam, katika jumba la makumbusho. Hazipo Lubumbashi, na hilo nalo ni sura nyingine ya kisa hikihiki.

Na wale askari wa Katanga walionusurika? Kama tunatafuta kisa cha askari waliokwama nyuma ya mstari wa adui, chao ni kirefu kuliko cha Quinlan. Kujitenga kwa Katanga kulipokomeshwa Januari 1963, wengi wao walivuka mpaka kuingia Angola. Walikaa huko wakitumiwa na kila aliyekuwa na vita: kwanza Wareno, kisha upande ulioshinda baada ya uhuru wa Angola. Mwaka 1977 na 1978 walirudi katika jimbo lao, ambalo Mobutu alikuwa amelibadilisha jina kuwa Shaba, safari hii wao wakiwa ndio wavamizi, na mji wa Kolwezi ukalipa gharama. Miaka kumi na mitano mbali na nyumbani, kisha kurudi na bunduki. Sijaona filamu iliyotengenezwa kuhusu maisha hayo. Sisemi kwamba walikuwa watu wema. Baadhi yao walifanya unyama, kwa Wabaluba hasa, na wafu wa Elisabethville wana haki ya kukumbukwa dhidi yao. Nasema tu kwamba walikuwa watu wenye wasifu, na kwamba filamu iliyohuzunishwa, kwa haki kabisa, na jina chafu walilopewa askari wa Ayalandi, haikuona tatizo kuwafanya wengine wasiwe na jina lolote.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni, mtumishi wa umma mwenye umri unaokaribia wangu, alibaki nyuma kunisaidia kukunja nyaya. Hakuwa amesema neno wakati wa mjadala. Akaniambia kwamba mdogo wake alikuwa Goma.

Wasomaji wengi wanakumbuka habari yenyewe. Desemba 2023 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilipeleka mashariki mwa Kongo askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23, wakisaidiwa na Rwanda, waliuteka mji wa Goma, na askari wetu wakajikuta ndani ya kambi zilizozungukwa na wale waliotumwa kupambana nao. Tarehe 13 Machi wakuu wa nchi wakaamua kukomesha operesheni. Misafara ya kwanza ilianza kuondoka mwishoni mwa Aprili, kwa barabara, ikipitia Rwanda hadi Chato. Baina ya tarehe hizo kuna miezi mitatu.

"Habari za mdogo wangu," akasema, "tulizipata kwa Waafrika Kusini." Alimaanisha kwamba Bunge la Afrika Kusini lilikuwa likibishana hadharani, magazeti yao yakichapisha majina na picha za waliokufa, wapinzani wakimdai waziri hesabu ya vifaa, chakula na usafiri. Familia yake ilikaa sebuleni ikitazama mijadala ya nchi nyingine ili kukisia hali ya mtoto wao. Kwetu kulitolewa tangazo la vifo vya askari wawili, kwa maneno machache, na pole kwa familia. Baba yao aliacha kwenda kwenye kahawa ya jioni kwa sababu watu walimwuliza maswali asiyokuwa na majibu yake, na baadhi waliamini kwamba anayo na anaficha.

Nafahamu hoja ya upande wa pili, na siidharau. Askari waliozingirwa hawasaidiwi na serikali inayotangaza idadi ya risasi zao. Ukimya wakati wa hatari ni silaha, na Quinlan mwenyewe alizungumza kwa redio kwa Kigaeli ili wasikilizaji wasioalikwa wasielewe. Ninachouliza ni kuhusu kimya cha baadaye, ambapo askari wameshalala nyumbani kwao na adui anajua yote isipokuwa wananchi. Hicho kinamlinda nani?

Tunacho kipimo chetu wenyewe. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa kwa saa nyingi, na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Umoja wa Mataifa ulifanya uchunguzi na mapema mwaka 2018 ukatoa muhtasari kwa umma. Muhtasari huo ulikiri kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu askari wake au kuwatoa; ulitaja matatizo ya amri na uongozi, na upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia. Soma tena orodha hiyo, msomaji wangu, kisha ulinganishe na Jadotville ya 1961: hakuna ndege, barabara imefungwa, amri zinakinzana. Walioandika muhtasari ule hawakuwa na haja ya kuitaja Lufira.

Sikumbuki mjadala wa maana kuhusu muhtasari huo katika magazeti yetu. Tuliwazika vijana wale kwa heshima zote, mizinga ikapigwa, viongozi wakahutubia, na wiki iliyofuata tukaendelea na mambo ya wiki iliyofuata. Nilikuwa mmoja wa walioendelea. Niliusoma muhtasari ule kwa mara ya kwanza miaka miwili baadaye, nikitafuta tanbihi ya makala ya kitaaluma.

Waayalandi hawakufika mwaka 2016 kwa sababu serikali yao ilipata dhamiri ghafla. Walifika kwa sababu askari wa zamani, wazee, waliandika barua, wakagonga milango, wakakataliwa na kugonga tena. Kwa sababu waandishi walichapisha vitabu. Kwa sababu hatimaye mtu alitengeneza filamu hii, yenye dosari zake zote nilizozitaja. Kazi ya namna hiyo inahitaji nyaraka. Na nyaraka zinahitaji mtu aliye ndani ya ofisi leo, anayejua kwamba ripoti fulani ipo, na ambaye hataiacha ioze au ipotee wakati wa kuhama jengo. Wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma wanajua ninazungumza na nani. Sidai siri za jeshi ziandikwe gazetini. Nadai mambo madogo zaidi: kwamba ripoti ya misheni ya Goma iandikwe na wenyewe waliokuwako, wakiwamo wa vyeo vya chini, kwamba kamati husika ya Bunge iisome, hata kama ni kwa milango iliyofungwa, kwamba iwekwe tarehe ambayo itafunguliwa kwa umma, na kwamba familia ziambiwe na watu wao, kwa lugha yao, kabla ya kuambiwa na bunge la nchi nyingine.

Nilimwuliza yule mwanafunzi wa jioni kama mdogo wake ameiona filamu. Akasema walianza kuitazama pamoja nyumbani, Jumapili moja, na watoto wakiwamo. Walipofika mahali ambapo msafara wa msaada unarudi nyuma kutoka darajani, mdogo wake aliinuka, akasema anakwenda kuangalia kama geti limefungwa. Ilikuwa saa nane mchana.

Kikao kijacho tutatazama picha za Tshibumba, zote nilizoweza kupata nakala zake, na tutasoma kurasa za Yav kwa sauti. Kiswahili chake kitawachekesha mwanzoni. Yule binti aliyeuliza swali ameomba kuanza yeye.